Mashine Iliyopuliza Baridi Siku za Mvua

Vijana wangu wa karakana, mliponiaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nimekubali, lakini msitegemee kusoma nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwaje. Vyeo vilinipita mara nyingi vikiwa njiani kwenda kwa watu wengine, na mshahara haukuwahi kufanya jambo lolote la kusimuliwa. Nitawaeleza habari za friji na viyoyozi, za mtu aliyenifundisha kazi, na za mashine moja ya huko Mbale ambayo mpaka leo nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni.

Mimi ni mtoto wa Jinja, katika nyumba ya Wanubi, na Kiswahili tulikizungumza tangu utotoni bila kumwomba mtu ruhusa. Jinja ndio mji wa bwawa. Umeme wa nchi nzima ulitoka kwetu, na huenda ndiyo sababu kwetu haukupenda kukaa. Katika miaka ya tisini, jioni watu wakishawasha majiko, balbu zetu zilibaki nyekundu kama makaa yanayozimika, na ungeweza kuitazama balbu moja kwa moja bila kuumiza macho. Umeme ukidhoofika hivyo, kompresa ya friji hujaribu kuwaka, hushindwa, huchemka, mwishowe hufa. Sisi mafundi tulikula kwa sababu ya umeme mbaya, na tuliulalamikia kama raia wengine wote.

Karakana niliyoanzia kazi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa Afande Odoch, Mwacholi mrefu mwenye mvi, ambaye zamani alikuwa fundi umeme jeshini. Yeye alikuwa ameliacha jeshi siku nyingi, lakini jeshi halikumwacha. Mji mzima ulimwita Afande, hata mkewe. Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akauliza:

"Binti, umeme ilishakupiga?"

"Bado, Afande."

"Sasa wewe najua nini?"

Nilikuwa na cheti cha shule ya ufundi, lakini nilihisi kwamba huo haukuwa wakati wa kukitoa. Akanivutia kigoda, akakiweka mbele ya friji mbovu iliyokuwa imeunganishwa na umeme, akaniambia nikae.

"Kwanza macho. Halafu masikio. Mkono nakuja mwisho."

Basi nikakaa asubuhi nzima mbele ya friji nimekunja mikono. Wapita njia walimwuliza Afande kama naumwa. Mama mmoja aliyekuja kufuata pasi yake alinipa pole. Lakini kadiri muda ulivyokwenda nikaanza kuisikia ile friji. Ilikuwa inanguruma kidogo, inatetemeka, kisha ndani kinasikika kitu kinasema "tik", inanyamaza. Baada ya kupumzika inaanza upya. Ilikuwa inataka kuwaka, haina nguvu ya kuanzia. Nilipomwambia Afande kwamba nadhani ni kapasita, alinipa bisibisi. Kwa desturi yake hiyo ilikuwa hotuba ya pongezi.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tulikuwa na balbu kwenye holda yake, yenye waya mbili ndefu, ambayo ndiyo ilituonyesha umeme uko wapi na umeishia wapi. Tulikuwa na plaiasi zilizofungwa mpira wa tairi la baiskeli mahali pa kushikia. Na tulikuwa na mita moja ya mshale, ambayo Afande aliitunza ndani ya soksi ya jeshi na kuibeba kifuani kama mtu anayebeba mayai. Mita zenu za leo zinaandika namba na kupiga kelele. Ile ya kwetu ilikupa mshale unaotikisika, na wewe ndiye uliyetakiwa kuamua umetikisika kwa sababu ya umeme au kwa sababu mkono wako umeogopa.

Jambo lililonisumbua zaidi mwanzoni halikuwa umeme, lilikuwa milango. Tulikuwa na wateja wengi katika mtaa wa Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda. Afande akifika mlangoni alibisha kama alivyozoea, kwa kiganja kizima, na kuita: "Hodi! Fungua! Sisi imefika!" Papo hapo redio ndani ilizimwa. Mtoto aliyekuwa analia alinyamazishwa. Nyumba ikawa kama haina watu. Kwa wengi wa pale, Kiswahili cha namna ile ni sauti ya askari waliyoisikia mlangoni miaka mibaya, na walioisema hawakuwa wamekuja kutengeneza friji. Ikabidi mimi nisogee mbele niite kwa Kisoga, lugha ya pale, kwamba ni mafundi tu, ndipo mlango ufunguliwe nusu, kisha wote, na tuletewe viti na samahani nyingi.

Siku moja tukitoka huko Afande alisema, akitazama mbele, "Mimi nakuja kutengeneza, wao nafikiri nakuja kuchukua." Hakucheka. Tangu siku hiyo akawa ananiacha mimi nibishe, naye anasimama nyuma ameshika soksi yake.

Tulizunguka sana. Kule Masese, kando ya ziwa, tulitengeneza majokofu ya wafanyabiashara wa samaki, ambao jokofu likiwaharibikia humlaumu fundi kwanza, kisha serikali, kisha samaki mwenyewe. Na mara kwa mara tulipanda hadi Mbale, kwa sababu Afande alikuwa na jina kule. Katika safari moja ya namna hiyo, katikati ya miaka ya tisini, tulikuwa Nakaloke, karibu na Mbale, tunashughulikia friji ya soda ya mwenye duka mmoja. Gari safi likasimama nje, akashuka bwana mwenye koti la sufu lililofungwa vifungo vyote, jua likiwa utosini.

Huyo alikuwa Bwana Gidudu, Mmasaba wa Mbale, aliyekuwa amesikia kwamba Afande yupo pale. Alikuwa ameishi Ulaya miaka mingi kama mkimbizi, akasoma, akafanya kazi, akarudi nchi ilipotulia. Alikuwa amejenga nyumba nzuri nje kidogo ya mji, chini ya mlima Wanale. Wengine waliorudi walileta magari au televisheni. Yeye alileta pampu ya joto.

Nitawaeleza ni kitu gani, maana hata kwenye vitabu vyenu hutajwa kwa kifupi. Kiyoyozi cha kawaida huchukua joto la chumbani na kulitupa nje. Pampu ya joto ni kiyoyozi kinachoweza kugeuka: kuna vali ndani yake inayobadili mwendo wa gesi, na ikibadilika, mashine hufanya kinyume, huokota joto nje na kulileta ndani. Vali hiyo husukumwa na koili ndogo, na koili hupata umeme mdogo tu, volti ishirini na nne, kupitia waya mwembamba unaotoka chumbani. Kwenye mashine ya Bwana Gidudu, koili ikipata umeme, mashine inapasha joto. Isipopata, inapoza.

"Nimeileta kwa ajili ya mama yangu," alituambia. "Alikuwa anaishi juu kabisa mlimani, kwenye baridi, anakoka moto ndani ya nyumba usiku na mchana. Daktari amesema moshi umeshamla kifua, akiendelea nao hatamaliza mwaka. Nikamleta kwangu. Chumba kina mashine, hakuna moshi hata chembe. Lakini analalamika kwamba mashine inampulizia baridi."

"Na kweli inapuliza baridi?" nikauliza.

"Ndiyo shida. Mafundi wamekuja kutoka Kampala mara kadhaa. Wamebadilisha kidhibiti cha ukutani. Wamebadilisha kapasita. Wameongeza gesi. Na kila wanapokuja, mashine inapuliza joto vizuri sana. Wanakula chakula cha mchana, wanaondoka. Baadaye mama anaanza tena."

Nikaona anavyotafuta neno. Mwishowe akalisema kwa sauti ya chini:

"Naanza kufikiri kwamba mama ndiye aliyeharibika."

Tulifika kwake kesho yake asubuhi, anga likiwa safi. Afande aliizunguka mashine iliyokuwa nje ukutani, akainama, akaisikiliza, hakuigusa. Ndani ilikuwa inapuliza joto kama tanuri la mikate. Mafundi wa Kampala hawakuwa wajinga. Mashine waliyoikuta ilikuwa nzima, na hakuna fundi duniani anayeweza kutengeneza kitu kilicho kizima, ingawa wengi wamejaribu.

"Nani nakaa hapa ndani siku yote?" Afande akauliza.

"Mama. Lakini hamtaelewana. Hajui Kiswahili, hata kukisikia hapendi."

Mama huyo wote nyumbani walimwita Kukhu, ndivyo Wamasaba wanavyomwita bibi. Tulimkuta amekaa karibu na dirisha, mwembamba, amejifunika blanketi mbili, anakohoa kikohozi kirefu cha kuchimba. Bwana Gidudu akamwinamia, wakasemezana kwa Kimasaba.

"Anasema mashine inamchukia," akatafsiri, akitabasamu lile tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine. Mara mgeni akaita kutoka uani, naye akatoka. Afande akaenda kutazama waya nje. Nikabaki na Kukhu, ananitazama. Alisubiri hatua za mwanawe ziishe barazani.

"Nyinyi mmetoka Jinja ama Kampala?" akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, chenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka.

Nikamgeukia mdomo wazi.

"Funga mdomo, nzi wataingia. Hii Kiswahili nimejifunza Kenya. Wakati maduka ya huku yalikuwa matupu, nani alileta sabuni? Nani alileta chumvi? Sisi wamama, kwa magendo, kwa miguu, juu ya huo mlima, na askari wanatutafuta. Kijana yangu wakati huo ako Ulaya, anafikiri tunaishi kwa maombi."

"Kwa nini hujamwambia?"

"Akijua najua Kiswahili, ataniuliza nilijifunza wapi. Na mimi niko mama wa kanisa."

Kisha akanieleza habari ya mashine, na nawaambieni, katika miaka yote sijapewa maelezo ya ubovu yaliyo bora kuliko yale. Siku ya jua, alisema, mashine ikianza inasema "tak", halafu inapumua kwa nguvu, halafu joto linakuja. Siku ya mvua inaanza, lakini ile "tak" haisemi. Ndipo baridi inapokuja.

"Jua likiwaka inanichoma. Mvua ikinyesha inanigandisha. Inataka kuniua pande zote mbili."

Nikasimama pale nimeshika bisibisi. Ile "tak" ilikuwa vali inayogeuka. Bibi alikuwa anasikiliza vali ya mashine majuma mengi, na kila alipowaeleza, walimwongezea blanketi. Na mafundi, kwa kuwa barabara ya kufika pale ilikuwa tope tupu wakati wa mvua, walikuja siku za jua tu.

"Kukhu," nikasema, "nafikiri nitaweza kuitengeneza."

Uso wake ukabadilika. Akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuitegemea.

"Sikia, mwanangu. Iache hivyo hivyo."

"Iache?"

"Ikikataa kabisa, atachoka, atanirudisha kwangu. Hapa nakaa kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Naletewa uji, naletewa dawa, nafunikwa. Hawanikubali nishike hata ufagio. Kule nina shamba. Mwambie imekufa. Wewe ni fundi, atakuamini."

Kabla sijajibu, Bwana Gidudu alirudi, na Kukhu akawa tena bibi asiyejua Kiswahili, anatazama dirishani.

Mchana mawingu yakashuka kutoka Wanale, mvua ikaja kwa mara moja, ile ya Mbale isiyotoa taarifa. Barabara ikafa. Tukawa hatuna pa kwenda. Afande akavuta kiti hadi chumbani kwa Kukhu, akakaa ameegemeza mikono magotini, anaingoja mashine kama mtu anayemngoja mgeni kwenye kituo cha basi. Bwana Gidudu alisimama mlangoni na koti lake. Mashine ikazima, kama inavyofanya chumba kikishapata joto. Baada ya muda ikaanza tena.

Hakuna "tak".

Tukasubiri. Nikaweka kiganja mbele yake. Ilikuwa inapuliza baridi safi, ya kuhifadhia nyama. Bwana Gidudu akaja akaweka kiganja chake pia, akakiacha pale kwa muda mrefu. Kisha akageuka akamtazama mama yake, akapiga goti mbele ya kiti chake, akasema neno kwa Kimasaba. Sikuuliza maana yake. Kukhu alimpigapiga bega lakini macho yake alinitupia mimi, na hayakuwa macho ya shukrani. Ushindi wake ulikuwa umekuja na hasara ndani yake: sasa kila mtu alimwamini, na kwa hiyo mashine ingetengenezwa.

Nje, chini ya ukingo wa paa, nilimnong'oneza Afande ombi la bibi. Alikuwa anaitoa mita kwenye soksi. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye kofia.

"Mama nataka baridi imfukuze," akasema. "Kufukuzwa hiyo si kuchagua. Sisi natengeneza. Akitaka kwenda, aende na machine ikiwa mzima. Hapo ndiyo mtoto yake itajua mama imeenda yenyewe."

Nilimwambia kwamba daktari amesema moshi utamuua.

"Hiyo nayo nasikia," akasema, akaikunja soksi mfukoni. Nikaona kwamba hata yeye alikuwa hajui lipi ni jema, ila alijua tu kazi yetu inaishia wapi. Kwenda nyumbani kwa mtu na kumwambia kitu kinachotengenezeka kimekufa, hilo hakuwa tayari kulifanya hata kwa huruma.

Tukaanza kupima. Chumbani, mahali waya mwembamba unapoanzia, mshale ulisimama pale pale panapotakiwa, ishirini na nne. Nje, kwenye koili, mshale ulijivuta kidogo ukakata tamaa. Basi umeme unaondoka nyumbani mzima na unafika umechoka. Kati ya hapo na pale kulikuwa na ukuta, dirisha la Kukhu, na maji yanayotiririka kutoka kwenye paa. Tuliufuata ule waya kwa vidole, kiasi kwa kiasi, hadi chini ya dirisha. Pale plasta ilikuwa na ufa, na ndani ya ufa, chini kabisa ya njia ya maji, kulikuwa na kiungo. Aliyefunga mashine waya ulimpungukia. Akaongeza kipande kingine, akavisokota kwa mkono, akazungushia utepe, akapaka rangi juu, akaenda zake na dhamiri safi.

Nilipoufungua ule utepe maji yalitoka. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na ule waya wa koili ulikuwa umebaki na nyuzi chache zinazogusana kwa mazoea tu. Jua likiwaka, kiungo kilikauka na umeme ukapita kwa shida. Mvua ikinyesha, ukavujia majini. Yaani mashine iliyoletwa kutoka upande wa pili wa dunia kumpa mtu joto wakati wa baridi ilikuwa inafanya kazi wakati wowote isipokuwa wakati wa baridi.

Bwana Gidudu alitoka mwenyewe na mwavuli, akatukinga nao tulipokuwa tunafanya kazi, yeye analowa. Tulikata kile kiungo, tukatupa sehemu iliyooza, tukapitisha waya mpya mzima ndani ya bomba, juu kabisa chini ya paa, mbali na maji. Afande alinyonga skrubu ya mwisho. Mashine ikawaka. Kutoka chumbani, mvua ikiwa bado inapiga mabati, tukasikia "tak" na ile pumzi ndefu.

Nilipoingia kukusanya vifaa, Kukhu alikuwa ameshapata joto. Nilimuaga kwa Kiswahili, kwa makusudi. Akageukia ukutani.

Niliondoka Mbale nikiwa fundi aliyefanikiwa, na nikajisikia kama nimempeleka mtu jela.

Hazikupita wiki nyingi, Bwana Gidudu alishuka kwenye karakana yetu Jinja. Koti halikuwa limefungwa vifungo.

"Mama ameondoka," akasema. "Amengoja siku ya mvua. Mashine inafanya kazi vizuri kabisa, chumba kina joto, naye amevaa viatu, amechukua fimbo, amepanda mlima."

Alilisema kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Afande akamwuliza, bila dhihaka:

"Machine iko na shida?"

"Haina shida."

"Basi sisi hapana na spea ya hiyo, bwana."

Bwana Gidudu akakaa kwenye kigoda kati ya friji mbovu. Akauliza, si kwa kumwuliza yeyote hasa, ni kitu gani alichokosa kumpa. Nilikuwa namjua mtu mmoja aliyekwisha kunijibu swali hilo, lakini aliyenijibu alinijibu kwa siri. Nikamwambia tu kwamba mimi nikienda kuangalia mashine huwa naanza kwa kumwuliza anayekaa nayo, na kwamba mama yake ni mtu wa kuulizwa. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nilijua anapanda mlima. Baada ya hapo hatukusikia neno, na kila nilipoona gari linalofanana na lake nilidhani linaleta habari ya msiba.

Mvua nyingine zilipokuja, nikapata ujumbe kwamba mashine ya Mbale inanguruma bila kuwaka. Afande magoti yalikuwa yanamsumbua, nikaenda peke yangu. Ubovu ulikuwa kapasita, kazi ya mtoto. Lakini nilipofika getini nilisimama kwanza, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inanuka vitunguu.

Bwana Gidudu alinipokea barazani na mikono iliyojaa maganda mekundu. Hakuwa na koti.

"Nilimkuta anakohoa damu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na bado alikuwa anahangaika na vitunguu vyake. Mvua ilikuwa imevishika kabla ya kukauka, vinaoza ghalani. Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi ya daktari. Sikuyasema. Nilimwuliza kama nikivichukua vikauke kwenye chumba cha mashine, nani atavisimamia, maana mimi sivijui."

"Akasema nini?"

"Alinitukana kwanza, kwamba nimesoma bure. Halafu akapanda garini kabla ya vitunguu."

Dawa, aliniambia, siku hizi mama anakunywa mwenyewe bila kuitwa, kwa sababu mgonjwa hawezi kubeba trei za vitunguu.

Nilipoingia, kile chumba sikukitambua. Kitanda kilikuwa kimesukumwa pembeni. Kuta zote zilikuwa na trei za mianzi zilizopangwa juu kwa juu, zimejaa vitunguu vyekundu. Katikati alikaa Kukhu na fimbo yake. Kikohozi kilikuwapo bado, lakini kilikuwa kifupi, na blanketi hazikuwapo. Mbele yake walisimama wafanyabiashara wawili kutoka Kenya, kofia mkononi, naye alikuwa anawasomesha bei kwa Kiswahili kile kile alichozungumza na mimi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mwanawe alisimama nyuma yangu mlangoni.

"Na hicho Kiswahili?" nikamwuliza.

"Anasema kilimjia tu," akajibu Bwana Gidudu. "Nimeona nisimwulize kilimjia wapi."

Nilibadilisha kapasita, mashine ikasema "tak", pumzi ya joto ikajaa chumbani. Wakenya wakatoka kwenda kushauriana. Nikamwinamia bibi.

"Kukhu, unapata joto vizuri?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.

"Mimi? Joto ni ya vitunguu. Mimi niko hapa kulinda."

Akaangalia mlangoni kuhakikisha mwanawe hamwoni, kisha akakivuta kiti chake, polepole, karibu zaidi na mashine.